Timazi Juu ya Sitaha

Wafanyakazi walipoamriwa kwenda upande wa kushoto ili manowari mpya ipimwe kwa uzito wao, iliinama nao. Waliporudi katikati, timazi la kupimia mwinamo, lililoning'inia juu ya karai la mafuta, lilichelewa kurudi, kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Isogai, mzee miongoni mwa wafanyakazi hao, akalikazia macho. Mwanawe wa pekee, aliyeachiwa na marehemu mkewe, alikuwa ameshapangiwa kusafiri na meli hii.

"Afande, mizinga imezidi huku juu. Bahari ikichafuka, meli itapinduka."

"Mzee, leo wewe ni kiroba cha mchanga, na kiroba hakisemi," afisa akamjibu. "Tokyo wanataka mizinga."

"Hao wa Tokyo hawapandi meli."

"Haya, wote kulia."

Wenzake wakaenda. Isogai akabaki peke yake, akalifumbata timazi kiganjani ili kipimo kisisomeke.