Mabano ya Bi Mwanakheri

Kompyuta za darasa la watu wazima zilikuwa kuukuu, hazikuweza kubeba toleo jipya la lugha ya programu. Lile la zamani, mtu akikosea, lilijibu tu: "Batili." Bi Mwanakheri, mkunga mstaafu, alichoka nalo akaja kuaga masomo.

"Jaribu mara moja tu, mama," alimsihi mwalimu Shemdoe, ambaye alikuwa ameyachukua maelezo ambayo toleo jipya humpa mtu akikosea na kuyapandikiza katika la zamani.

Bi Mwanakheri akaandika, akabonyeza. Kioo kikajibu: "Mabano uliyofungua hapa hayajafungwa. Umesahau?"

"Mwalimu, leo inaniuliza!"

"Basi ijibu."

Akayafunga, programu ikafanya kazi. Kisha akafuta koma moja makusudi, akasogeza uso karibu na kioo, akasubiri aone itamwambia nini.