RAM za Kufukuzia Ndege

Loyce alisimama katikati ya njegere za mama yake, mkasi mkononi, akashindwa kukata uzi wa kwanza.

Juu ya matuta zilining'inia RAM ishirini, vile vijibao vyembamba vinavyochomekwa ndani ya kompyuta. Mwaka juzi, dukani kwake Lushoto mjini, hakuna aliyezitaka tena. Akampa mama azitundike, zifukuze ndege.

Leo asubuhi muuzaji wa Arusha alimwambia kwenye simu: "Dada, za zamani ndizo ghali sasa. Viwanda vimeziacha, vinatengeneza za mitambo ya akili bandia." Na kompyuta za shule ya sekondari alizopewa kutengeneza, za kufanyia mtihani Jumatatu, hazipokei nyingine. RAM mpya alizonunua, pengo lake, ule mkato mdogo ukingoni, limekaa pengine. Haziingii hata ukilazimisha.

Alishika moja iliyoning'inia, akatoa ufutio mfukoni, akasugua meno ya kijibao, yale ya dhahabu yanayoingia kwenye kompyuta. Uchafu ukatoka. Dhahabu ikang'aa kana kwamba haijawahi kunyeshewa.

"Unaniibia?" Mama alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si ulisema ni takataka?"

"Zilikuwa takataka."

"Na sasa?"

"Sasa zimezipita kwa bei hata mpya nilizo nazo begini, ambazo haziingii. Hata mimi sielewi."

Mama aliwatazama ndege waliojipanga juu ya ua, wakingoja.

"Haya, kata. Ila hizo mpya zako niachie, nitundike."

Loyce alifungua begi, hajui acheke au alie. Akatoa moja kwenye plastiki yake, akaizungushia uzi. Ulikaa vizuri kabisa kwenye lile pengo.