Ligi ya Daftarini

Kwenye daraja la Thuci, mpakani mwa Embu na Meru, homgadi, askari mgambo wa serikali ya mkoloni, alifungua daftari la mwalimu Naftaly wa chuo cha Meru, akakuta majina kumi na moja ya wanafunzi wa Embu, yamepangwa kama timu ya mpira.

"Hawa walivukaje kuja kwenu kucheza mpira bila pasi ya kuvukia?"

"Hawakuvuka. Tangu Hali ya Hatari igawe ligi yetu, kila wilaya ikabaki na yake, nawachezesha mwenyewe humu daftarini. Ni kubuni tu."

Kidole cha homgadi, ukucha umejaa udongo, kilishuka hadi kwa kipa.

"Huyu ni mdogo wangu. Tulimzika Februari."

"Najua."

"Ulimpanga lini?"

"Jumamosi iliyopita."

Homgadi aliutazama mto.

"Aliruhusu mabao mangapi?"

"Hakuna lililompita."

Aliuchana ukurasa ule taratibu, akautia mfukoni, akarudisha daftari.

"Pita, mwalimu."