Mashine ya Kusaga ya Ngiri

Zamani wanyama wenye pembe waliamriwa kuishi mlimani na ndege bondeni, na kati yao pakaachwa uwanja mtupu. Amri hiyo ilipofutwa, Ngiri, mpimaji wa viwanja, alichonga barabara nzuri kuukata uwanja ule. Mwaka ukapita bila yeyote kuipita.

"Mama Kanga, mbona huendi mlimani?" Ngiri aliuliza.

"Niende kwa nani, baba? Safari yangu mimi ni ya kusaga mahindi, na mashine iko mbali."

Ngiri akapanda mlimani kwa Swala, naye akalalamikia umbali wa mashine hiyo hiyo. Ngiri aliona haya kwamba hakuwauliza mapema. Akajenga mashine ya kusaga katikati ya uwanja.

Siku za kwanza wenye pembe na ndege walipanga foleni mbili, wakitazamana kwa pembeni. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na foleni zikaungana. Kanga akamshikia Swala nafasi, Swala akamwangalizia vifaranga.

Baada ya miezi sita, Swala alifika kwa Ngiri.

"Nipimie kiwanja bondeni, jirani na Mama Kanga," alisema. "Watoto wamezoeana, na mimi nimechoka kukatiza mazungumzo ili niwahi kupanda mlima."

Ngiri akachukua kamba yake ya kupimia, akatangulia kushuka huku akitabasamu.