Kifuniko cha Chupa ya Mafuta

Daktari alimweleza Bi Mwanaidi kuwa dawa ile ya majaribio ni kama nta kwenye tundu la kitasa: maumivu yatakuja na ufunguo wao, mlango usifunguke. Na kweli. Asubuhi hiyo vidole vyake, vilivyovimba kwa miaka kama tangawizi, vilikunjuka vyenyewe. Akamenya vitunguu saumu. Akakaza kifuniko cha chupa ya mafuta ya ufuta, kwa raha tu ya kukaza.

Mara akamsikia mumewe, Mzee Shaali, akiburuta kigoda. Mtu huyu asiyejua maneno matamu alikuwa hamgusi hata bega, mpaka ugonjwa ulipoingia. Tangu hapo humkanda kila asubuhi, kidole kimoja kimoja, polepole.

“Vimeamkaje leo?”

“Vinauma,” akajibu, akivikunja upesi.

Mzee Shaali akashika chupa. Kifuniko, ambacho sikuzote humwachia mkewe kikiwa kimelegea, kiligoma. Ikambidi akibane kwa ncha ya kikoi ndipo kifunguke. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine.

Akamtazama mkewe. Mkewe akainama.

Kisha Mzee Shaali akamimina mafuta kiganjani, mengi kuliko siku zote, akasogeza kigoda karibu zaidi.