Kufuli Kwenye Jiko la Shule

Mpishi wa shule alikuta kufuli jipya mlangoni mwa jiko lake, na ufunguo ukining'inia shingoni mwa Dada Mgeni.

Ndivyo watoto walivyomwita yule mwanafunzi wa chuo aliyetoka ng'ambo kuja kujitolea kwenye shule yao ya kijijini. Hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alipaka madarasa rangi, akafundisha hesabu, na kila asubuhi alikata mkate mwenyewe na kuwagawia watoto kabla ya masomo. Walimpenda ajabu.

Kisha ikaingia homa ya matumbo. Alianza mmoja, wakafuata wengine, mpaka madawati ya mbele yakabaki matupu. Dada Mgeni aliapa kwamba haondoki akiwaacha vile. Akachemsha maji, akamwaga dawa vyooni, akamkagua mpishi kucha kama mtoto mdogo. Homa haikusikia. Ndipo alipomwendea mwalimu mkuu na kumwambia bila kuzunguka kwamba mama yule ni mchafu, na akiachwa jikoni atawamaliza watoto.

Mwalimu mkuu alisitasita. Mpishi alikuwa amewapikia hata baadhi ya wazazi wa watoto hao. Lakini wazazi wenyewe walishaanza kuja juu, naye akakubali.

"Mwanangu," mpishi alisema pale mlangoni, "mjukuu wangu yumo humo darasani. Nitamlisha sumu damu yangu?"

Dada Mgeni alimpita. Alifungua kufuli, akaingia, akakunja mikono ya blauzi.

Tangu hapo alipika yeye, akapakua yeye. Usingizi ukampaa. Wagonjwa hawakupungua, waliongezeka. Mjukuu wa mpishi naye akaanguka mstarini, akabebwa hadi hospitali akiweweseka. Kijijini wakaanza kunong'ona kwamba mpishi anatia kitu kisimani kwa kinyongo cha kufukuzwa. Mtu alimvunjia dirisha kwa jiwe. Akawa anapita vichochoroni akienda kumwona mjukuu wake, kichwa chini.

Daktari alikuja kuchukua maji ya kisima akayapime. Akataka pia sampuli ya choo cha kila mtu mzima wa pale shuleni, pamoja na cha mpishi, maana mtu huweza kuonekana hana homa na bado akabeba vijidudu vyake. Walimu waliona haya, wakasukumana. Dada Mgeni akatangulia kutoa chake ili kuwatia moyo.

Majibu yakiwa bado yanasubiriwa, alikwenda hospitali na bakuli la supu aliyoipika kwa mkono wake. Mpishi alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mjukuu wake. Hawakusalimiana. Mtoto alifumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo kama atakufa.

"Hufi, mdogo wangu," Dada Mgeni alimwambia, akimpangusa jasho. "Homa hii hii ilinilaza hospitali kabla sijaja kwenu. Mbona nimepona, na mashavu yamejaa?"

Mtoto alijaribu kutabasamu. Dada Mgeni akachota supu, akaipuliza ipoe.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia, uso umemwiva, akaurudisha mlango nyuma yake. Alimtazama mpishi kwanza. Mama yule akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na Dada Mgeni akashusha pumzi. Hatimaye.

"Mama, wewe huna kitu," daktari alisema. "Na maji ya kisima ni safi."

Kisha akazunguka kitanda, na taratibu akakitoa kijiko mkononi mwa Dada Mgeni.

"Usimlishe, dada," alisema. "Huyu wala mtoto mwingine yeyote."