Boneti Isiyo na Mkwaruzo

Sheria ilikuwa wazi: gari likishang'arishwa hadi lisibaki na mkwaruzo hata mmoja, ajali yake inafutwa, na aliyegongwa anahesabika hakugongwa.

Tausi alikuwa fundi wa kung'arisha magari mjini Morogoro. Asubuhi hiyo alikuwa akisugua boneti kwa msasa wa maji, mwenye gari akimsimamia.

"Fanya haraka, mama. Juzi nilimgonga mtu wa baiskeli pale Kihonda."

Mkono wa Tausi ukasimama. Mumewe, Mbaraka, aligongwa juzi, palepale.

"Huyo ni mume wangu," alisema. "Umemvunja mguu!"

"Pole sana. Basi malizia."

Tausi akamrushia msasa kifuani, maji machafu yakamtiririka kwenye shati. "Toka na gari lako! Toka!"

Mwanamume yule akajifuta, akalipeleka gari gereji ya jirani.

Jioni Tausi alifika nyumbani. Alimkuta muuguzi kando ya kitanda cha Mbaraka, anaikata plasta ya mguuni kwa msumeno mdogo.

"Unafanya nini wewe?"

"Samahani, dada. Mfumo unaonyesha hajawahi kuumia."

Mbaraka alikuwa ameuma shuka kwa maumivu. Tausi akamkamata muuguzi mkono kwa nguvu zake zote, na muuguzi akasubiri, kwa upole, hadi atakapouachia.